Taa ya Njano na Masufuria ya Bathurst

Ukimuuliza Nsimire nyumbani kwake pale Minto, Australia, wanaishi wangapi, atakujibu watatu: yeye, baba yake mzee Balthazar, na pikapu. Watu hucheka, naye hucheka nao, lakini hatanii sana. Pikapu yenyewe, ambayo wenyeji huiita yuti, ilikuwa nyeupe zamani, sasa imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Ina mkwaruzo mrefu ubavuni, na nyuma imejaa kamba za kila namna kwa ajili ya masufuria. Maana Nsimire ni mpishi wa watu. Siku za kazi anahudumu kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Lidcombe, anawaogesha, anawalisha, anaitika wakimwita kwa majina ya binti zao. Lakini kukiwa na arusi, matanga au ubatizo, masufuria yake makubwa yanapanda pikapu na yeye anapanda nayo. Wakongo wanamjua, Warundi wanamjua, hata Wakenya wa Blacktown, ambao pilau yao wanaipika wanavyojua wenyewe, wameshakuja kwake kuazima mwiko.

Mzee Balthazar alikuwa dereva wa kamyo, yaani lori kubwa. Si wa mjini, ni wa njia ya Bukavu kwenda Uvira, ile inayoshuka mlima wa Ngomo kwa kona za kumfanya mtu akumbuke dhambi zake. Vita vikamtoa huko, mke akafia ukimbizini, na Nsimire, aliyekuwa ametangulia Australia, akahangaika mpaka akamleta. Alikuja na sanduku moja na leseni yake ya zamani ameifunga ndani ya nailoni. Wiki ileile ya kwanza akaomba apelekwe kwenye ofisi ya leseni. Wakampima macho. Yule dada wa kaunta alisema kwa upole kabisa, lakini jibu lilikuwa hapana.

Toka siku hiyo mzee akaanza kulala mchana. Sahani ikawa inarudi jikoni nusu. Halafu akawa anageukia ukutani hata kama hana usingizi. Nsimire aliijua hali hiyo kwa sababu ndiyo kazi yake. Amewaona wazee wengi wakigeukia ukuta, na anajua safari ile inaishia wapi.

Ndipo akanunua pikapu. Aliwaambia watu ni ya masufuria, na kweli ni ya masufuria, hakusema uongo. Lakini siku ilipoingia uani, mzee alitoka na malapa, akaizunguka, akagonga bodi kwa kidole kama anayebisha hodi, akasema, "Fungua kifuniko cha moteri nione." Tangu hapo Jumamosi asubuhi ikawa ya mzee na gari. Anavaa koti lake la kazi, anaosha, anapima mafuta na maji, anafungua hiki, anafunga kile, anaongea peke yake. Akimaliza hapo anakula sahani nzima na kuulizia nyingine. Nsimire alimshukuru Mungu, wala hakuwahi kuuliza kule ndani anafungua nini.

Kisha ikaanza ile taa.

Ni taa ndogo ya njano, imechorwa umbo la injini, ingawa Nsimire yeye aliona kama bata aliyelala. Ikiwaka, pikapu inakuwa mvivu. Ukikanyaga mafuta inaguna tu, na nyuma inatoa moshi mweusi mpaka watu wa barabara kuu ya M5 wanakupita wakikutazama. Akaipeleka Granville kwa Égide, fundi Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, kijana wa makamo, mpole, mwenye gereji ndogo nyuma ya duka la matairi. Égide akachomeka kompyuta yake, ikamwambia tatizo ni kile kidude kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Akakitoa, akakiosha kwa dawa, taa ikazimika. Nsimire akarudi nyumbani anaimba.

Haukupita muda, bata akaamka. Safari hii Égide akaweka kidude kipya kabisa, na chujio la hewa jipya akaliweka pia, la zamani akalitia kwenye boksi la lile jipya lirudi nyumbani likatupwe. Taa ikazimika, ikakaa, ikawaka tena. Akapekua nyaya, akapekua mabomba, akakuta kila kitu kizima ila kile kidude, kimechafuka tena.

"Mama, gari lako linanitia aibu," alisema siku hiyo, akijikuna kichwa. "Chujio safi kama limetoka dukani leo, na kidude kichafu. Sijaona."

Na lazima niseme hapa jinsi pikapu ilivyokuwa ikienda kwa fundi. Haikuwa inaenda hivihivi. Nsimire akishapanga siku na Égide, mzee huitengeneza jioni iliyotangulia. "Mtoto akienda kwa daktari unamwogesha, unambadilisha nguo," alikuwa anasema. "Na gari ni hivyohivyo. Fundi asije akasema kwetu hatutunzi vitu." Basi anafungua, anapangusa, anafunga. Nsimire aliona ni heshima nzuri.

Kanisani habari ikaenea. Baada ya ibada moja, Mama Emerance, kiongozi wa wamama, aliwatoa wenzake nje wakaweka mikono juu ya pikapu wakaiombea, na mchungaji hakukataa. Lakini baada ya amina Emerance alimvuta Nsimire pembeni.

"Mama, tusikilizane. Huyo fundi wako anaacha kidogo ndani ili urudi."

"Égide? Hapana, mama. Ni mtu wa Mungu."

"Mimi sijasema si mtu wa Mungu. Nimesema anaacha kidogo."

Neno hilo likamwingia Nsimire kama mwiba mdogo, ule usioonekana lakini ukikanyaga unausikia. Alijaribu kulitoa kwa maombi. Likatoka, likarudi, kama taa.

Mdogo wake Rodrigue, anayefanya kazi ghalani na ana gari lake linalong'aa, yeye hakunong'ona kwa yaya wake, yaani dada yake mkubwa. "Yaya, uza hilo kopo. Siku moja litakuacha barabarani na watu wana njaa."

Na siku yenyewe ilikuwa inakuja. Ikirezi, binti ambaye Nsimire alimfundisha shule ya Jumapili toka hajui kufunga kamba za viatu, alikuwa anaolewa Bathurst, ng'ambo ya Blue Mountains, ambako mchumba wake ni muuguzi. Mama yake Ikirezi, kabla ya kufa, alimshika Nsimire mkono hospitalini akasema, "Siku ya arusi yake, chakula kitoke mikononi mwako." Nsimire akaahidi. Sasa masufuria yalipaswa kupanda milima, na taa ile haikupenda milima.

"Tukubaliane," Rodrigue alisema. "Ikiwaka tena kabla ya arusi, nitaazima gari la kazini, nibebe masufuria yako. Lakini tukirudi, kopo linauzwa. Baba nitamwambia mimi."

Nsimire akakubali, kwa sababu ahadi ya marehemu si ya kuchezea. Lakini usiku alipomwona baba yake amepitiwa na usingizi kwenye kiti, kitambaa cha kufutia gari bado kiko begani, moyo ulimuuma. Chakula kingefika Bathurst kwa njia yoyote. Baba yake bila pikapu angefika wapi? Alikujua. Ukutani.

Taa iliwaka Alhamisi, Jumamosi ikiwa ndiyo arusi. Alikuwa ametoka kazini Lidcombe, hata hajafika taa za barabarani za pili, bata huyo. Nsimire alisimama kando, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani. Hakulia. Alisema tu, "Bwana, umeona." Halafu akafikiri: Granville ni hapo tu. Nikienda nyumbani kwanza, Rodrigue atakuwa amepita kumsalimia baba, ataiona. Akakata kona bila kupiga simu, na uniformu yake ya kazi mwilini.

Égide alikuwa anafunga gereji. Alipoona pikapu inaingia akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Usiniambie, mama."

"Sikuambii. Itazame mwenyewe."

Njiani alikuwa amejiandaa kumuuliza lile neno la Emerance, kwa upole, ana kwa ana, kama Maandiko yanavyotaka. Lakini kabla hajafungua kinywa Égide alishafungua boneti, akalegeza vibano vya kasha la chujio, akainua kifuniko, akainama. Halafu akaingiza mkono, akatoa kitu kwa vidole viwili, kirefu, cheusi, kinachodondosha mafuta.

"Mama," akasema. "Hii ni nini?"

Nsimire akasogea. Kitu kile kilikuwa kimevalishwa kwenye chujio la zamani, lile bovu alilodhani lilishatupwa, kimelinyonga kama mguu uliovimba. Akakaza macho. Kisigino akakijua. Kilikuwa na tundu dogo aliloshona kwa uzi wa kahawia kabla ya Pasaka.

"Ni soksi yangu," akasema. "Ya kanisani."

Miezi yote hiyo alikuwa anailaumu mashine ya kufulia.

Égide akanusa vidole vyake, akaanza kucheka taratibu, cheko la mtu aliyetua mzigo. "Mafuta ya injini. Wajomba zangu Kigoma walikuwa wanafanya hivi. Barabara ya vumbi, unapaka kitambaa mafuta, vumbi linanasa. Nani anashika hili gari nyumbani?"

"Baba."

"Alikuwa dereva?"

"Wa kamyo. Bukavu, Uvira."

"Basi amefanya sawasawa," Égide alisema, "kwa kamyo ya wakati ule. Hili lina kawaya ndani ya kile kidude, kembamba kama unywele. Mafuta yanavutwa na hewa yanakaa juu yake. Gari halijui tena linapumua kiasi gani." Akalegeza ukanda wa suruali, akafikiri. "Lakini mbona mkija hapa nakuta chujio jipya?"

Na hapo Nsimire akaelewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa chumbani. Lile chujio jipya aliloweka Égide, baba yake hakulitumia. Alilitunza. Alilitunza kwenye boksi lake, kama sahani za wageni zinavyotunzwa kabatini, na gari likiitwa kwa fundi analivisha hilo, jipya, safi, ili wasiaibike. Likirudi nyumbani analivua, analiweka, na kulirudishia gari lile la zamani, la kushindia, na soksi yake. Leo tu ndiyo gari lilikuja na nguo za kazi, kama yeye mwenyewe.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kwanza akamwambia Égide, "Nisamehe, nilikuwaza vibaya." Égide akasema, "Hata mimi nilianza kujiwaza vibaya, mama." Furaha ilikuwa imekuja imeshikana mkono na hofu. Taa imepatikana dawa, ndiyo. Lakini atamwambiaje mzee kwamba ugonjwa wa gari ni mikono yake? Walimnyang'anya usukani. Lugha ya watu wa huku haijui. Hata jiko la umeme aliambiwa asiguse baada ya kuunguza birika. Kilichobaki ni Jumamosi yake.

"Naweza nikakaa kimya," alisema, "nikawa naitoa soksi kila Jumamosi akilala."

"Utaweza?"

Nsimire akatikisa kichwa. Kumzunguka baba yake kama mtoto asiyejua kitu, hapana.

"Basi mlete kesho," Égide alisema. "Usimwambie neno. Mwambie fundi anamhitaji. Na hilo si uongo, namhitaji."

Ijumaa, baada ya chai ya asubuhi, mzee Balthazar alivaa koti la suti kwenda gereji. Nsimire alikuwa ameiacha pikapu Granville, wakapanda treni, na njia nzima mzee hakuuliza kitu, ila mara moja: "Fundi gani anamhitaji mzee asiyeona vizuri?" Nsimire akasema, "Atakueleza, baba."

Égide alimpokea kwa mikono miwili, akamletea kiti. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshindwa gari letu?"

"Nimeshindwa. Nieleze ninyi mlifanyaje vumbi la Ngomo."

Oh, mzee akaeleza. Akaeleza vumbi lililokuwa zito mpaka unawasha taa mchana. Akaeleza dereva fulani aliyeua moteri kwa kutegemea chujio la karatasi tupu, na jinsi wenzake walivyomcheka mpaka mji wa Kamanyola. Akaeleza kitambaa, mafuta, jinsi ya kukamua yasizidi. "Soksi ya mwanamke ndiyo bora," alisema, "ina matundu madogo." Nsimire akatazama viatu vyake. "Na kule Minto wanajenga nyumba kila siku, vumbi la wajenzi hilo. Nimelilinda gari. Bila hivyo lisingekuwa hai."

Égide hakumpinga. Alichukua kile kidude cha kupima hewa, akampa na kioo cha kukuzia. "Mzee, shika. Tazama ndani ya hilo tundu. Kamyo yako ilikuwa na hiki?"

Mzee akageukia mwanga wa mlangoni. Akatazama sana. "Kamyo yangu haikuwa na hiki. Hiki ni kawaya."

"Kazi yake ni kuonja hewa na kuiambia injini."

"Kinaonja." Mzee akakigeuza, akagusa ukingo, akatazama ncha ya kidole chake. Ilikuwa inang'aa mafuta. Akakisugua kidole na dole gumba. Akatazama ile soksi iliyokuwa mezani. Akarudi kutazama kidole.

Nje treni ilipita. Nsimire alikuwa anaomba bila maneno, na macho yake hayakuacha mabega ya baba yake, maana mabega ndiyo huanza. Aliyaona yakishuka kidogo. Akasema moyoni, basi, ndiyo hivyo.

"Kumbe kila Jumamosi," mzee alisema polepole, "nilikuwa nakiziba mdomo."

Mzee akamgeukia binti yake. Akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Nsimire, mwanangu. Soksi zako zimetuharibia gari."

Égide ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika meza. Nsimire naye akacheka na machozi yakitoka, na mzee akawatazama wote wawili kwa uso wa mtu aliyeonewa, mdomo ukichezacheza pembeni. Kisha akavua koti la suti, akamkabidhi Nsimire alishike.

"Niambie sasa," akamwambia Égide. "Hili la karatasi, mnalisafishaje? Msiniambie mnalitupa tu."

Wakakaa mpaka saa ya chakula. Égide alimwonyesha kuligonga chujio kavu kwenye kiganja, kulielekeza juani na kutazama kama mwanga unapita, na kulibadilisha likishakuwa jeusi kweli. Mzee akagonga, akasikiliza, akasema mlio wa chujio zima na mlio wa lililochoka si mmoja. Égide akajaribu, akasema ni kweli. Kidude kikaoshwa, kikarudishwa, taa ikazimwa.

Jumamosi alfajiri masufuria yalipanda pikapu yamefungwa kwa mablanketi: wali, maharage, sombe ya majani ya muhogo, kuku na mbuzi wa mchuzi. Rodrigue alikuja na gari lake linalong'aa, akainama dirishani kuchungulia dashibodi.

"Taa iko wapi?"

"Imelala," mzee alisema kutoka kiti cha abiria. "Panda gari lako utufuate. Usitupite, utapotea."

Barabara ilipoanza kupanda baada ya mto wa Penrith, Nsimire alishika usukani kwa nguvu. Mzee hakutazama msitu, hakutazama magenge wala watalii wa Katoomba. Macho yake mabovu yalikuwa kwenye ile sehemu moja ya dashibodi, kama mchungaji anayehesabu kondoo wake. Pikapu ikapanda. Ikabadili gia, ikavuta, ikapanda. Kwenye mwinuko mmoja mrefu walilipita lori, na mzee akapunga mkono kwa dereva wake, hivi, kwa vidole viwili tu, kama wenye kazi wanavyosalimiana. Dereva yule Mzungu akajibu kwa honi.

Nsimire alianza wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Mzee akashika sauti ya chini.

Kule Bathurst Ikirezi alitoka nje na kichwa hakijamaliza kusukwa, akamkumbatia Nsimire, na akina mama wakaanza kushusha masufuria yakiwa bado yana moto. Rodrigue alimtafuta baba yake ili ampeleke kwenye kiti. Akamkuta mbele ya pikapu, kifuniko cha moteri kiko juu, na wanaume wawili wa upande wa bwana arusi wamesimama wamejishika viuno kwa huruma.

"Mzee, limeharibika?" mmoja aliuliza.

"Nani kasema?" alisema mzee Balthazar. Alikuwa ameshika chujio, amelielekeza juani, na jua lilikuwa linapita. "Limefanya kazi. Nalipumzisha."

Rodrigue alisimama hapo, mikono mfukoni. Habari ya kuuza hakuitaja, siku hiyo wala nyingine. Mzee alimwita kwa kidevu. "Njoo. Fungua na lako. Siku zote hizi unakuja kwangu linang'aa nje tu. Ndani linapumua?"

Na sahani ya mzee siku ile, Nsimire aliifuatilia kwa macho kutoka upande wa pili wa ukumbi, katikati ya ngoma na vigelegele. Ilirudi tupu. Kisha akamwona anainuka, anapita katikati ya wachezaji, anakwenda kuulizia nyingine.